GPS ya pikipiki: uliza ramani kwanza, kioo baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na kama ni ndefu mtapunguza wenyewe ila msiguse sehemu ya ramani maana ndiyo iliyonifanya nishike simu niandike. Ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki ni simu mpya, kamera megapikseli ngapi, simu inakunjwa mara mbili, sawa hatukatai, lakini sisi tunaoshinda juu ya pikipiki nani anatuandikia? Kijiweni kwetu Tabata swali ni lilelile kila siku, nichukue GPS gani niweke kwenye pikipiki. Anauliza bodaboda, anauliza kijana anayesambaza mizigo ya maduka ya Instagram, anauliza na yule mzee mwenye pikipiki kubwa anayetoka Jumamosi kwenda Bagamoyo kula samaki na kurudi. Na wote wanaishia kujibiwa na muuzaji, ambaye yeye anachotaka ni kutoa kilichopo kabatini.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Ukienda Kariakoo ukamwambia muuzaji nataka GPS ya pikipiki, mara nyingi atakutolea kile kidude cheusi cha kuficha chini ya siti, kina laini ya simu ndani, pikipiki ikiibiwa unakitumia meseji kinakujibu kipo wapi. Kitu kizuri, mabosi wengi wanawawekea vijana wao na mimi siwalaumu. Ila hicho hakikuonyeshi njia, kinamwonyesha bosi wewe uko wapi. Ninachoongelea mimi ni kile chenye kioo kinachokaa mbele yako kwenye usukani kikakwambia kata kushoto baada ya mita mia mbili. Ukishindwa kueleza tofauti hiyo dukani unarudi nyumbani na kitu kingine kabisa na hela hairudi.

Haya, sasa hicho chenye kioo. Watu wanaanza kuchagua kwa ukubwa wa kioo, inchi tano, inchi sita, kina bluetooth, kinacheza muziki, yani mambo ya mwisho yanawekwa mbele. Mimi nasema anza na ramani. Uliza ramani iliyomo ndani ni ya nchi gani, ya mwaka gani, na nikitaka kuibadilisha nabadilishaje na kwa shilingi ngapi. Muuzaji akianza kuzunguka kwenye hayo maswali, ondoka dukani.

Sababu ni hii. Kujua upo wapi siku hizi sio kazi tena. Satelaiti za GPS za Wamarekani zipo juu huko kilomita elfu 20 na ushee, Warusi wana za kwao zinaitwa GLONASS, Ulaya wana Galileo, Wachina wana BeiDou, zote zinatoa mawimbi bure na kifaa chako kikizisikia nne kinajua kilipo. Zamani Wamarekani walikuwa wanaiharibu makusudi ile ya raia, mtu unapotea hata mita mia hivi, mpaka Mei 2000 walipoizima hiyo michezo. Leo simu ya kawaida tu inapokea mifumo zaidi ya mmoja na kwenye eneo la wazi inakosea mita chache. Kwa hiyo kifaa cha milioni na simu ya laki mbili vinasikiliza satelaiti zilezile, na hata bando halihitajiki kupokea. Shida inaanza pale kifaa kinapojua kabisa upo wapi lakini hakijui pale ulipo pana barabara gani.

Nani hajawahi kupanda gari limeshuka jana bandarini kutoka Japani? Unawasha tu, dada anakusalimia Kijapani, ramani imebaki Yokohama, na litakaa hivyohivyo mpaka linauzwa mkono wa tatu. Sasa ndio hivyohivyo na hizi GPS za pikipiki zinazoletwa na watu kutoka Ulaya na Dubai. Unauziwa TomTom Rider iliyotumika, kifaa kizuri kigumu hakina neno, ndani ina ramani ya Ulaya, unaweza kujua kona zote za milima ya Uswisi lakini Chalinze haipo. Na TomTom ni ngumu kuiwekea ramani ambayo wao wenyewe hawajakuuzia. Garmin, wale wenye GPS za pikipiki zinazoitwa zumo, wako nafuu kwa hilo, ramani zao za kulipia zinauzwa kwa kanda lakini kuna watu wanatengeneza ramani za bure kutoka OpenStreetMap kwa mfumo wa Garmin, unashusha kwenye kompyuta unaweka kwenye memori kadi unachomeka, na kuna ramani za Tracks4Africa, hao wa Afrika Kusini, wanaotengenezea hasa watu wa safari ndefu za barani kwetu. Kwa hiyo ukiona zumo iliyotumika yenye ramani ya Ulaya usiikimbie, bei ishuke tu kisha ramani utaitafuta. TomTom iliyotumika mimi singenunua hata kwa nusu bei.

Hiyo OpenStreetMap wengi hawaijui na ndiyo inayotubeba. Ilianzia Uingereza 2004, ni ramani inayochorwa na watu wenyewe, yeyote anaweza kuongeza barabara ya mtaani kwake. Na sisi Dar tumebahatika kuliko miji mingi kwa sababu ya mafuriko, yani kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi mitaani pamoja na wenyeji, wakachora mitaro, vichochoro, madaraja ya miguu, nyumba kwa nyumba, ili ijulikane maji yakija yanapita wapi. Tandale, Manzese, huko kote. Wao walikuwa wanafikiria mafuriko lakini aliyefaidi hadi leo ni mtu wa pikipiki, maana kichochoro ambacho gari haliingii kipo kwenye ramani na mimi naingia.

Nitoe mfano wa safari maana hapa ndipo niliposhuhudia kwa macho. Tulitoka Dar kundi letu kwenda Lushoto, tumepita Bagamoyo na Msata tukaingia barabara ya Segera, Mombo tukakata kulia tukaanza kupanda zile kona. Mpaka Lushoto mjini kila kifaa kilikuwa sawa. Shida ilianza tulipotoka kuelekea Mtae kwa njia za pembeni, vumbi na mawe. Jamaa mmoja alikuwa na kifaa kipya cha gharama, kioo kinawaka hata jua liwe kali vipi, tulikuwa tunamwonea wivu toka Msata. Kufika kule kile kialama cha pikipiki yake kikawa kinatembea kwenye uwanja mtupu wa rangi ya maziwa, hakuna mstari hata mmoja, na yule dada wa ndani anarudia tu geuka rudi ulipotoka, geuka rudi ulipotoka. Ramani ya Afrika aliyowekewa ilikuwa na barabara kuu tu. Pembeni yake kijana mwingine ana simu kuukuu kioo kimepasuka kona moja, amejaza ramani ya Tanzania nzima ndani ya OsmAnd, programu inayotumia hiyohiyo OpenStreetMap, netiweki hakuna kabisa kule bondeni, na simu inamwonyesha njia, njia panda, mpaka kijito na daraja la mbao. Tukamfuata yeye. Kifaa hakikuwa kibovu jamani, nasisitiza, kilikuwa na ramani isiyo ya huko.

Na ramani inazeeka, hilo nalo watu hawalifikirii. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza limefunguliwa 2025, lina urefu wa kama kilomita 3, sasa kifaa chenye ramani ya zamani bado kinajua kivuko tu. Unakuta kinakuhesabia muda wa kuvuka na meli wakati wenzako wanapita juu. Kwa anayeishi Dar, angalia kama kifaa kinalijua daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 pale Upanga kwenda Oysterbay. Hicho ni kipimo cha dakika moja dukani na muuzaji hawezi kukudanganya, mwambie tu akuonyeshe.

Tukishamaliza ramani ndio tuje kwenye mwili wa kifaa, na hapa nakiri (sio kosa, nakiri tu ukweli) vifaa maalumu vinaizidi simu mbali. Jua. Zumo XT imetangazwa kuwa na mwanga wa niti 1000, simu nyingi za bei poa ni nusu yake hivi, na saa saba mchana barabara ya Chalinze simu inageuka kioo cha kujitazamia, unaona kofia yako tu. Joto nalo, Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, sasa Dar Februari kivulini tu upo 32 au 33 na simu ipo juani, inachaji, kioo mwanga wote, ramani inazunguka, mara inajipunguzia mwanga yenyewe, mara inaleta onyo la joto inajizima, na kwa kawaida inajizima pale kwenye mzunguko usioujua.

Halafu mtikisiko. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mitetemo ya injini za pikipiki zenye nguvu inaweza kuharibu kamera za simu zao, zile zenye kidude cha kutuliza picha isitikisike, maana ndani kuna lenzi inayoelea na mitetemo inaimaliza taratibu. Kwa vyombo vya injini ndogo kama skuta wakasema mtikisiko ni mdogo zaidi lakini weka holda ya kupunguza mtetemo, na hata hivyo usiifanye kuwa tabia ya muda mrefu. Sasa hapa kuna kitu cha kuchekesha, simu nyingi za bei ya chini hazina hicho kidude kabisa, kwa hiyo ile itel au Tecno ya bei nafuu ina kitu kimoja pungufu cha kuharibika kwenye usukani wa Boxer kuliko iPhone ya milioni mbili. Ndio maana ninapoona kijana amefunga simu yake kali mpya kwenye pikipiki roho inaniuma, na sijataja vibaka wa kwenye foleni ya Buguruni.

Mvua ni kesi nyingine. Tone la maji kwenye kioo cha simu linafanya kazi ya kidole, ramani inajikuza yenyewe, inafunga, inampigia mtu simu. Vifaa vya pikipiki vimetengenezwa kuguswa na glavu na kukaa kwenye maji, utaona wameandika IPX7, maana yake kimepimwa kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ila angalieni hiyo X, inamaanisha vumbi halikupimwa. Kwa Mzungu wa mvua za London sawa, kwa mtu wa rafu rodi ya Kilosa kiangazi namba ya vumbi ni muhimu vilevile, tafuta kilichoandikwa IP67, hiyo 6 ya mbele ndiyo ya vumbi.

Umeme nao unawaangusha wengi. Kichaji cha USB cha kufunga kwenye usukani ni cha bei ndogo tu, lakini fundi wengi wa mtaani wanakiunga moja kwa moja kwenye betri, kazi ya dakika tano, na kile kichaji kina taa ndogo ya bluu inawaka usiku kucha. Betri ya Boxer au TVS ni ndogo sana, ukiiacha wikiendi Jumatatu unapiga kiki mpaka mguu unauma. Mwambie fundi afungue kava la pembeni, achukue umeme kwenye waya unaopata moto swichi ikiwashwa tu, aweke na fyuzi ndogo yake peke yake, na waya upite chini ya tanki usibanwe ukigeuza usukani mpaka mwisho, ageuze kulia na kushoto uone mwenyewe kabla hujamlipa. Na pima kichaji siku hiyohiyo, maana kuna vingine simu inaonyesha inachaji huku asilimia zinashuka, moto wake hautoshi kubeba kioo na GPS kwa pamoja.

Sasa bei, maana ndiko tunakoelekea wote. Zumo XT ilipotoka 2020 ilikuwa dola 500 hivi kule Marekani, ni zaidi ya milioni moja ya kwetu kabla ya nauli na ushuru. Kijana anayepeleka hesabu elfu kumi kwa siku hiyo ni hesabu ya miezi minne, hawezi na wala asijaribu. Kwake yeye ninachoshauri ni simu ya pili, iliyotumika, ya bei ndogo, haihitaji hata laini, iwe ya ramani tu, ukiwa kwenye wifi unashusha Organic Maps au OsmAnd na ramani ya Tanzania yote, unazima vingine vyote. Organic Maps ni nyepesi na haina matangazo, ila haina upande wa pikipiki, itakuhesabu wewe ni gari. OsmAnd ina upande wa pikipiki na unaweza kuiambia ikwepe barabara za vumbi, kitu ambacho masika kinakuokoa, ila menyu zake zinachosha mwanzoni mpaka unataka kuifuta. Vumilia. Google nayo unaweza kushusha eneo ukatumia bila bando, na foleni za Dar inazijua vizuri mtandao ukiwepo, hapo haina mpinzani, ila ukitoka mjini ukaingia vijijini OpenStreetMap mara nyingi ina njia nyingi zaidi. Mimi natumia zote mbili na sioni aibu.

Simu hiyo ikiwa haijawashwa muda mrefu na haina mtandao, iweke mahali pa wazi uisubiri dakika kadhaa izipate satelaiti, usiseme mbovu. Na ukiwa umesimama kwenye makutano ule mshale unaweza kugeukageuka kama umelewa, sababu ni kwamba GPS inajua unaelekea wapi kwa wewe kusogea, ukisimama inabaki dira ya ndani ya simu, na kama holda yako ni ya sumaku hiyo dira ndio basi tena. Sogea hatua chache kwanza. Kariakoo nako kuna shida yake, maghorofa yanarudisha mawimbi, upo Mtaa wa Mkunguni simu inakwambia upo Narung'ombe, inaruka mtaa mmoja mpaka mwingine. Hakuna kifaa cha pikipiki cha kumaliza hilo, pale tumia macho na mdomo.

Na kwa wa mizigo nina jingine. Hata kifaa kiwe cha bei gani, mteja akikutumia pini ya alipokuwa jana hufiki. Serikali ilishafanya kazi ya Anwani za Makazi 2022 kabla ya sensa, nguzo za mitaa zipo, namba zipo kwenye milango, mfumo wa hizo anwani, NaPA, upo kwenye simu, lakini muulize mteja namba ya nyumba yake atakwambia we njoo mpaka kwa Mangi, geti jeusi, kuna mwembe. Mwembe haupo kwenye ramani yoyote ndugu zangu. Hili naona linawahusu wasomaji wenu wengi kuliko sisi madereva, namba ipo mlangoni kwako, toka nje uisome.

Kwa yule mwenye safari ndefu, anayetoka Dar kwenda Mbeya au kuvuka Tunduma na kuendelea kusini, pikipiki kubwa, siku nzima juani na usiku anafika asikokujua, huyo ndiye namwambia nunua kifaa maalumu na usione uchungu wa hela, maana simu ikizimika mlimani Kitonga usiku na lori nyuma yako huna mahali pa kusimama ukairekebisha. Ila na yeye beba simu yenye ramani mfukoni. Na wote wawili, sauti iingie sikio moja tu, acheni lile jingine lisikie honi za malori, na kioo kikae karibu na mita, juu kidogo, kisiwe chini kwenye tanki ambako ukiangalia unainamisha kichwa.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni moja. Mpeni mwandishi wenu mmoja wa teknolojia siku moja tu aende madukani Kariakoo na Mtaa wa Samora, aulize kila duka linalouza GPS ya chombo, ramani ya Tanzania iliyomo ni ya mwaka gani, daraja la Busisi lipo au halipo, na nikitaka kuibadilisha ni bei gani, kisha mchapishe majibu kwenye jedwali na bei ya holda pembeni. Akihitaji mtu wa kumpeleka aje kijiweni, mafuta juu yake.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwendesha pikipiki, Tabata, Dar es Salaam